Intaneti moja, kompyuta 20: igawe Windows, Linux au MikroTik?

Mwalimu wa TEHAMA wa shule moja ya sekondari hapa Morogoro hunipigia simu kwa maneno yaleyale kila mara: "Fundi, mtandao umekata." Chumba chake kina kompyuta 20, swichi ya matundu 24, na laini moja ya faiba inayoishia kwenye modemu ya kampuni. Kati ya modemu na swichi ipo mashine moja inayowagawia wote intaneti. Katika miaka sita niliyomhudumia tumeibadilisha mashine hiyo mara mbili. Tulianza na kompyuta ya Windows, tukahamia seva ya Linux, na sasa ni rauta ndogo ya MikroTik.

Chumba ni kilekile na nyaya ni zilezile, kwa hiyo nathubutu kuzilinganisha. Kasi nitaiacha pembeni. Kwa laini za kawaida za shule na maduka yetu, zote tatu zinapitisha mzigo bila kuhema. Ninachotaka upime ni jambo ambalo wanunuzi hawaliulizi dukani: siku mtandao ukikata, ni mashine ipi itakayokuonyesha upesi pamekatika wapi, na aliyepo chumbani ataweza kuurudisha bila kumngoja fundi?

Kazi ni ileile

Mashine ya katikati ina miguu miwili. Mmoja unatazama modemu, mwingine unatazama swichi. Kompyuta za ndani zina anwani za faragha, zile zilizotengwa rasmi mwaka 1996 kwenye waraka wa RFC 1918: zinazoanza na 10, zile za 172.16 hadi 172.31, na zile za 192.168. Anwani hizo hazitambuliki huko nje, hivyo mashine ya katikati inazipokea paketi (vipande vidogo vya data), inaziandika anwani yake yenyewe, inazituma, kisha majibu yakirudi inakumbuka yalikuwa ya nani. Hiyo ndiyo NAT. Pamoja na hilo inagawa anwani kwa kila kompyuta inayowashwa (DHCP) na inajibu maswali ya majina ya tovuti (DNS).

Kazi ni tatu, na ikifa moja tu kati ya hizo mtumiaji atasema mtandao umekata. Ndiyo maana mimi nauliza maswali manne kwa mpangilio uleule. Kompyuta ina anwani? Inalifikia lango, yaani ile mashine ya katikati? Inafika nje kwa namba, mfano kwa amri ya ping (inatuma paketi na kungoja jibu) kwenda 8.8.8.8, seva ya Google? Inafika nje kwa jina? Pale jibu linapogeuka kuwa hapana, ndipo pa kushika.

Windows ina kipengele chake cha kugawa intaneti, ICS, kilichoanza na Windows 98 toleo la pili mwaka 1999. Unaweka kadi mbili za mtandao, unatia alama kwenye kisanduku kimoja, basi. Kwenye Linux unajenga mwenyewe: unaruhusu paketi kupita, unaandika sheria ya NAT kwa programu ya iptables au nftables, na unaweka programu ya dnsmasq kwa ajili ya anwani na majina. MikroTik, kampuni ya Riga nchini Latvia iliyoanzishwa mwaka 1996, inakupa kisanduku chenye mfumo wake wa RouterOS ambamo yote hayo yapo tayari, nawe unaingia kwa programu ya Winbox.

Kompyuta haina anwani, au ina anwani ya mgeni

Hapa ndipo nimepoteza saa nyingi kuliko mahali pengine popote.

Ukiona anwani inaanza na 169.254, kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Ikiwa ni kompyuta moja, tazama waya wake, kichwa cha waya, na tundu la swichi. Zikiwa zote, mgawaji amenyamaza.

Windows ikinyamaza haikuambii kwa nini. Haina orodha iliyo wazi ya anwani ilizogawa, na kumbukumbu zake (rekodi za matukio) hazisomeki kirahisi. Dawa ya mafundi wengi ni kuondoa alama kwenye kisanduku na kuirudisha. Kuna kosa moja linalojulikana kabisa: tangu toleo la 1709 la Windows 10, huduma ya ICS haiwashwi yenyewe daima, na ikikaa dakika nne bila kazi inajizima. Kompyuta ikizimwa usiku, asubuhi kisanduku bado kina alama lakini hakuna anayepata anwani. Microsoft wenyewe waliandika dawa yake: kuongeza EnableRebootPersistConnection yenye thamani 1 kwenye rejista ya Windows, na kuipanga huduma ya ICS iwake yenyewe kila kompyuta inapowashwa. Mwalimu yule aliteseka muhula mzima kabla sijaligundua hilo, na kila asubuhi alipoteza robo saa ya kipindi cha kwanza.

Linux hapa ni mwalimu bora. Ukifungua kumbukumbu za dnsmasq unayaona mazungumzo yenyewe: DHCPDISCOVER, kompyuta inaomba, DHCPOFFER, seva inatoa, DHCPREQUEST, kompyuta inakubali, DHCPACK, imekamilika. Ukiona maombi bila majibu, kosa liko kwenye mipangilio ya seva. Usipoona hata ombi moja, acha kugusa seva, nenda kwenye nyaya na swichi. Sijaona njia nyingine inayotenganisha makosa hayo mawili kwa uwazi kiasi hicho.

Ila Linux nayo ina ugonjwa wake wa asubuhi. Ruhusa ya kupitisha paketi (net.ipv4.ip_forward) na sheria za iptables zisipohifadhiwa kwenye faili, hupotea mashine ikizimwa. Anwani zinagawiwa vizuri, lango linajibu, lakini hakuna kinachotoka nje. Ukisikia "jana ilifanya kazi na leo hakuna aliyegusa kitu", anzia hapo.

MikroTik inaonyesha orodha ya waliopewa anwani, jina la kila kompyuta na namba ya kadi yake, yote kwenye dirisha moja. Kila badiliko linahifadhiwa papo hapo. Hilo ni zuri umeme ukikatika na ni baya ukikosea, maana unaweza kujifungia nje mwenyewe. Bonyeza Safe Mode kabla ya kugusa chochote kizito. Ukikatika, mabadiliko yanarudi yalivyokuwa.

Sasa anwani ya mgeni. Siku moja kompyuta 11 kati ya 20 zilikuwa na mtandao, 9 hazina. Kesho yake hesabu ikageuka. Wakati ule bado tulikuwa na Windows, na nilihangaika siku mbili nikibadilisha vichwa vya waya vilivyokuwa vizima. Kumbe mtu wa ofisi ya jirani alileta rauta ya nyumbani ili simu zipate wifi, akaichomeka kwenye swichi yetu kupitia tundu la ndani badala ya lile la nje. Ile rauta ikaanza kugawa anwani zake. Kila kompyuta ilipowashwa ilimfuata aliyejibu kwanza.

Dalili ni moja: kompyuta zilizokosa zina lango tofauti na zilizopata. Kwenye Windows inabidi uzunguke meza kwa meza ukiandika ipconfig. Kwenye MikroTik unaweka tahadhari ya DHCP mara moja, nayo inakuandikia namba ya kadi ya mgawaji mgeni. Nusu ya kwanza ya namba ile inamtaja mtengenezaji wa kifaa, kwa hiyo unajua unatafuta kisanduku cha chapa gani. Tatizo hilohilo liliporudi mwaka jana tulilimaliza kabla ya mapumziko ya chai.

Linux inashindwa na wenzake kwenye jambo dogo la kuchagua anwani. ICS ya tangu Windows 7 inatumia 192.168.137.1, MikroTik inatoka kiwandani na 192.168.88.1. Ni nadra kugongana na modemu ya kampuni. Kwenye Linux unachagua mwenyewe, na wengi huchagua 192.168.1, ileile ambayo modemu nyingi hutumia. Miguu yote miwili ya seva ikiwa kwenye mtaa mmoja wa anwani, seva haijui paketi iende upande gani. Chagua namba isiyozoeleka, kama 10.47.3, na umeepuka balaa hilo.

Namba inafika, jina halifiki

Hili ni fupi. Ping 8.8.8.8 inajibu, tovuti haifunguki: ni DNS. Iandikie kompyuta moja DNS ya 1.1.1.1 (ya Cloudflare) kwa mkono. Ikifunguka, kosa ni la mgawaji wako na laini ya kampuni ni nzima. Kwenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, mara nyingi dnsmasq imekataa kuwaka kwa sababu systemd-resolved, huduma ya majina iliyomo tayari, imekwisha kukalia mlango namba 53 wa DNS; zima kisikilizi chake kwa DNSStubListener=no. Kwenye MikroTik hakikisha Allow Remote Requests imewekwa alama, na hakikisha pia sheria za ulinzi zinazuia maswali kutoka upande wa nje, la sivyo rauta yako itawajibia watu usiowajua. ICS haina pa kushika. Unazima na kuwasha.

Tovuti hii inafunguka, ile inaning'inia

Ukikutana na hili kwenye laini inayoingia kwa PPPoE (njia ya kuunganishwa na kampuni kwa jina na nywila), fikiria ukubwa wa paketi. PPPoE inachukua baiti 8, kwa hiyo zinabaki 1492 badala ya 1500 za kawaida. Tovuti zinazojibu kwa paketi ndogo zinafunguka, zile zinazojaza paketi hadi ukingoni zinakwama. MikroTik ikipiga PPPoE yenyewe hulirekebisha jambo hili bila kuambiwa. Linux inahitaji sheria moja ya kubana MSS (ukubwa wa data ndani ya paketi). Kwenye ICS sijapata njia ya kulitibu pale langoni; nililazimika kupunguza MTU (ukubwa wa juu wa paketi) kwenye kila kompyuta moja moja. Kwa mwenye kompyuta 20, hilo peke yake latosha kumtoa kwenye Windows.

(Tovuti zikilalamikia cheti kwenye kompyuta moja tu, tazama saa yake kabla ya kulaumu lango. Betri ndogo ya ndani ikifa, kila umeme ukikatika saa inarudi miaka mingi nyuma, na vyeti vyote vinaonekana havifai.)

Mtandao upo, lakini unatambaa

Malalamiko ya saa nane mchana. Swali ni moja: nani anakula?

Kompyuta ya Windows inayogawa inaweza kukuonyesha kwamba laini imejaa. Kusema imejazwa na kompyuta namba ngapi, hapo inakuwa shida. Linux ina iftop, inayoonyesha mazungumzo yote kwa anwani na kasi. Unamwona mlaji ndani ya nusu dakika. Kumpunguzia sasa, kwa amri za tc, ni kazi ya mtu aliyekaa na vitabu. Mimi mwenyewe niliandika, nikafuta, nikaandika tena kwa wiki mbili.

MikroTik ina Torch ya kumwona mlaji na ina foleni za kumbana, palepale. Kwa PCQ, aina mojawapo ya foleni hizo, laini inagawanywa sawa kwa waliopo: wakiwa watano kila mmoja anapata moja ya tano, wakiwa ishirini moja ya ishirini. RouterOS toleo la 7 limeongeza CAKE, foleni nyingine ya kugawa laini, ambayo pia imo ndani ya Linux tangu toleo la 4.19 la mwaka 2018. Hii ilibadilisha chumba chetu kuliko kuongeza bando. Walaji wetu wakubwa walikuwa masasisho ya Windows kwenye kompyuta zote kwa wakati mmoja, na simu za watu zinazopandisha picha kwenye hifadhi za mtandaoni. Hao wa pili wanasahaulika, kwa sababu tunahesabu kinachoshuka tu. Upande wa kupanda ukijaa, hata maombi ya kushusha yanachelewa kutoka.

Kuna wazee wa kazi hii watakaokuambia uweke Squid, proksi (programu ya kati inayowaombea wengine kurasa), kwenye seva ya Linux, ili ukurasa ushushwe mara moja na wengine wausome kutoka kwenye diski. Nawaheshimu, na enzi zao walikuwa sahihi. Squid ilianza mwaka 1996, wakati kurasa zilipita wazi. Leo karibu kila tovuti ni HTTPS. Proksi inaona jina la tovuti, kisha handaki lililofungwa. Hakuna cha maana cha kuhifadhi. Ili ione ndani, inabidi upande cheti chako kwenye kila kompyuta na ufungue mazungumzo ya watu njiani. Mimi sifanyi hivyo na sitafanya. Kwenye chumba kile kuna walimu wanaoingia benki na wanafunzi wanaoomba mikopo ya chuo. Nywila zao zisipite mikononi mwa fundi.

Squid inabaki na faida kwa anayetaka kuruhusu tovuti chache tu wakati wa mtihani. Lakini ujue umeongeza sehemu nyingine ya kukata. Kumbukumbu zake zikijaza diski inasimama, na chumba kizima kinasimama nayo, ilhali ping 8.8.8.8 inajibu vizuri kabisa. Fundi asiyejua kuna proksi atazunguka mchana kutwa.

Umeme

Kompyuta inayogawa intaneti inahitaji UPS ya maana, na kwenye BIOS uipange iwake yenyewe umeme ukirudi. Nimekuta seva nzima, imezimwa tu, chumba kimefungwa, na ufunguo uko kwa mtu aliyesafiri. Windows ikikatwa ghafla katikati ya masasisho inaweza kurudi na skrini ya matengenezo, na hapo hakuna wa kubonyeza. Seva yetu ya Linux ilivumilia kukatika kwingi, kisha diski yake ikafa. Sikuwa na nakala ya mipangilio. Nilijenga upya kutoka kichwani, siku tatu, na mwalimu alifundisha ubaoni.

Rauta ndogo inakula wati chache. Betri ndogo ya volti 12, zile zinazouzwa kwa ajili ya modemu, inaishikilia pamoja na modemu yenyewe. Haina diski inayozunguka. Umeme ukirudi, ndani ya dakika moja au mbili iko kazini, hata chumba kikiwa kimefungwa. Kwa mtu wa Tanzania, mbele ya jambo hili mengine yote ni ya pili.

Kosa likiwa nje

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo (nyaya za intaneti za chini ya bahari) ya EASSy na SEACOM iliharibika baharini kwenye njia ya kwenda Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika. Siku zile nilipokea simu kutoka kila upande. Watu walikuwa wamezima na kuwasha, wengine wameshafuta mipangilio iliyokuwa salama. Hasara kubwa zaidi nilizoziona siku zile zilitokana na kurekebisha kisichoharibika.

Kinga yake ni kupiga ping kutoka kwenye lango lenyewe. Lango likishindwa kufika nje, usiguse ndani. Zote tatu zinaweza, ila kwenye MikroTik mwalimu anafanya kwa kubofya, na kwenye Linux lazima ajue kuingia na kuandika amri. Ukiwa na laini ya pili, tuseme modemu ya 4G, MikroTik inahamia huko yenyewe ukishapanga njia mbili zenye uzito tofauti na ukaguzi wa ping. Linux inaweza vilevile kwa hati utakayoandika. ICS inagawa muunganisho mmoja. Ukifa huo, unaamka wewe ukabadilishe.

Nisiipambe MikroTik kupita kiasi. Mwaka 2018 iligundulika dosari kwenye Winbox, CVE-2018-14847, iliyowawezesha watu wa nje kusoma nywila za rauta. Kampuni ilitoa marekebisho, lakini rauta nyingi duniani zilibaki bila kusasishwa kwa sababu aliyezifunga alishaondoka. Yako isasishe, na ufunge Winbox upande wa nje. Tena ina vitufe vingi mno. Mtu mwenye udadisi na nywila anaweza kuivuruga kwa dakika tano, na fundi wa kawaida wa kompyuta hataelewa aanzie wapi. Windows, kwa udhaifu wake wote, kila mtu mtaani anaijua.

Ningekuchagulia nini

Duka la steshenari lenye kompyuta tatu na intaneti ya simu: tumia ICS, au hotspoti ya Windows ambayo inapokea vifaa hadi 8. Fanya ile dawa ya rejista siku ya kwanza, na ukubali kwamba kompyuta ile ikizimwa wote wamezimwa.

Chuo au ofisi yenye mtu wa Linux anayelipwa mshahara na kuwepo kila siku: Linux, na utafurahia kuona ndani ya kila kitu. Lakini asiwe mmoja. Akiondoka peke yake anaondoka na ufunguo wa nyumba.

Shule, zahanati, kafe ya intaneti, kanisa au msikiti, mahali fundi anaitwa kwa simu: MikroTik, bila kusita. Kwa kawaida bei yake ni chini ya kompyuta iliyotumika. Ukishamaliza kuipanga, toa mipangilio yake kwa amri ya export, hifadhi faili lile mahali pawili, na nywila iwe kwenye bahasha kabatini kwa mkuu wa shule.

Ile seva ya zamani usiitupe. Yetu niliiwekea diski mpya nikaihamishia nyuma ya rauta, haigawi tena intaneti. Inaendesha Kiwix, yenye Wikipedia nzima ya Kiswahili na vitabu vingine vya kusoma bila mtandao, na faili za walimu. Mikongo ilipokatika wiki ile ya Mei, wanafunzi walifungua 10.47.3.2 kwenye vivinjari vyao na kipindi kikaendelea.